Namna ya Kutumia Mitandao ya Kijamii Kuwashawishi Wanachuo wa Nyanda za Juu Kusini Wapunguze Hewa Ukaa

Mwongozo huu ni kwa ajili ya viongozi wa klabu za mazingira, wawakilishi wa madarasa, serikali za wanafunzi na walezi wao katika vyuo vya Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo ya jirani, ambao wanataka kuzitumia simu zilizomo mikononi mwa wanafunzi ili kubadilisha namna wanafunzi hao wanavyopika, wanavyochemsha maji na wanavyosafiri. Haumhusu mtu anayetafuta wafuasi. Kampeni inaweza kupata maelfu ya watazamaji huko TikTok na isipunguze hata debe moja la mkaa katika magheto yanayokizunguka chuo. Nyingine inaweza kuendeshwa ndani ya kundi moja la WhatsApp la darasa na ikabadilisha upikaji wa nusu ya wanakundi. Mimi naitaka hiyo ya pili, na maelekezo yote yanayofuata yanaelekea huko.

Kabla ya kuandika ujumbe wa kwanza, mwendesha kampeni ajiandae kulijibu swali ambalo mwanafunzi makini ataliuliza, na ana haki ya kuliuliza: kwa nini sisi? Kwa mwaka, Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, ilhali wastani wa dunia unazidi tani 4 na Mmarekani wa kawaida anazidi tani 13. Swali hili lisikwepwe wala anayeliuliza asionekane mkorofi. Mwanachuo wa Iyunga au wa Kihesa haombwi kupunguza kwa sababu yeye ndiye aliyeipasha dunia joto. Anaombwa kwa sababu misitu inayogeuzwa mkaa ni ya kwetu, moshi wake unaingia katika mapafu yetu, fedha inayoununua inatoka katika bumu lake (fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo), na miaka michache ijayo yeye ndiye atakayekuwa mwalimu, mhandisi, mhasibu au bwana shamba ambaye wengine watamwiga. Tanzania yenyewe ilikwishaahidi mwaka 2021 kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwapo kama kusingefanyika chochote. Kampeni inayoyaeleza haya waziwazi tangu siku ya kwanza huaminika, na ile inayomlaumu mwanafunzi anayekula mlo mmoja kwa siku hupoteza wasikilizaji wake kabla haijaanza.

Chagua jambo moja, na liwe lenye uzito

Kampeni nyingi za vyuoni huanza na orodha ndefu: zima taa, chomoa chaja, panda mti, tumia baiskeli, acha plastiki. Msomaji huitikia kwa kichwa, akapita. Orodha ya namna hiyo ina kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuweka mambo makubwa na madogo kwenye mizani moja, hata mwanafunzi akadhani kwamba akichomoa chaja amekwisha kutimiza wajibu wake.

Tuchukue hesabu inayoweza kufanywa na mwanafunzi yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari. Kuchaji simu mpaka ijae hutumia takriban uniti 0.02 za umeme. Ndoo ya lita 10 ya maji ya bomba ya Mbeya wakati wa baridi ya Juni, maji yakiwa na nyuzi joto 15 hivi, huhitaji takriban uniti 0.35 ili yafike nyuzi 45 za kuogea. Ndoo hiyohiyo ikisahaulika mpaka maji yakachemka, inakula karibu uniti 0.9, yaani umeme ambao ungetosha kuchaji simu kila siku kwa mwezi mzima. Kwa hiyo kampeni ya kuchomoa chaja ni kelele tupu, wakati kampeni ya kuchemsha kiasi unachokihitaji na kuzima mapema ina kitu ndani yake.

Jiko la mkaa lina uzito kuliko vyote viwili. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa takriban kilo 3 za kaboni dioksidi. Hiyo ni hesabu ya pale jikoni tu. Katika tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni, na sehemu kubwa ya kuni hizo huwa imepotea kama moshi na gesi hata kabla gunia halijapakiwa. Kilo moja ya gesi ya mtungi nayo hutoa takriban kilo 3 za kaboni dioksidi, lakini joto linaloingia kwenye sufuria kutoka katika kilo hiyo ni mara tatu hivi ya linaloingia kutoka katika kilo ya mkaa kwenye jiko la kawaida. Umeme wa gridi yetu ni mwepesi zaidi kwa upande wa kaboni, kwa kuwa sehemu yake kubwa sasa hutokana na maji: Kidatu, Mtera, Kihansi, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 kule Rufiji. Wanafunzi wa kwetu wana sababu ya kulijua hili kwa karibu, maana maji yanayozungusha mitambo ya Mtera na Kidatu huletwa na Ruaha Mkuu, mto unaokusanya maji ya Usangu na ya milima inayoonekana kutoka madirishani mwa hosteli zao.

Halafu kuna jambo la mwinuko, ambalo ni zawadi kwa mwandaaji wa kampeni wa Nyanda za Juu kwa sababu halielezeki vizuri hivyo Dar es Salaam. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu maharage yanachukua muda mrefu kuiva huku kuliko pwani, na ndiyo sababu jiko la presha, linalopandisha joto la maji kupita kiwango hicho, linaokoa muda na nishati nyingi zaidi huku kuliko linavyookoa pwani. Mwanafunzi aliyewahi kukaa na sufuria ya makande kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja usiku ataielewa hoja hii bila kufafanuliwa.

Kwa maoni yangu, basi, kampeni ya kwanza ya chuo cha ukanda huu ihusu kupika maharage na makande: kuloweka tangu usiku, kufunika sufuria, kupika pamoja watu wanne au watano badala ya kila mmoja na jiko lake, na pale inapowezekana kuhamia kwenye jiko la presha la umeme au gesi. Usafiri nao una sehemu yake, kwani lita moja ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, lakini wanafunzi wengi tayari wanatembea kwa miguu au wanabanana kwenye daladala, na huwezi kupunguza kisichokuwapo. Kama chuo chenu kiko mbali na mji na wanafunzi wanapanda bajaji mmojammoja, hapo liangalieni.

Kabla ya kuamua, ulizeni. WhatsApp ina kipengele cha kura ambacho hakihitaji ujuzi wowote: andika swali, “Wiki hii umepika kwa kutumia nini?”, na majibu manne, mkaa, gesi, umeme, au sikupika. Matokeo ya kura hiyo ndiyo yatakayowaambia mahali pa kuanzia, nayo ndiyo kipimo cha kwanza mtakachokirudia baadaye.

Nani aseme

Mwaka 2010, siku ya uchaguzi wa wabunge nchini Marekani, Facebook ilifanya jaribio lililohusisha watumiaji milioni 61. Baadhi yao walionyeshwa tangazo la kuwahimiza kupiga kura. Wengine walionyeshwa tangazo hilohilo likiwa na picha za marafiki zao waliokwisha kusema kwamba wamepiga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: tangazo lisilo na sura za marafiki halikuongeza idadi ya waliokwenda vituoni, na lile lenye sura za marafiki liliongeza, hasa kwa sababu ya marafiki wa karibu. Maneno yalikuwa yaleyale na mtandao ni uleule. Kilichotofautiana ni sura.

Fundisho lake kwetu ni kwamba ukurasa wa klabu wenye nembo nzuri hauna nguvu ya kumfikia mwanafunzi kama alivyo na nguvu mtu anayekaa naye dawati moja. Anzeni, kwa hiyo, na makundi ambayo tayari yapo: kundi la darasa linaloongozwa na mwakilishi wake, kundi la hosteli, kundi la wanaotoka wilaya moja, kwaya, timu ya mpira, kundi la semina. Katika kila kundi tafuteni mtu mmoja au wawili wanaopika kweli na wanaosikilizwa. Kiongozi wa serikali ya wanafunzi ana cheo, lakini kama hapiki, maneno yake kuhusu jiko yatakuwa hotuba. Mtu ninayemtaka ni yule dada wa mwaka wa pili ambaye wenzake humuuliza amepata wapi viazi vya bei nafuu pale Mwanjelwa, au yule kaka anayetengeneza pasi za wenzake. Huyo akiweka picha ya sufuria yake kwenye status, ambayo hudumu kwa saa 24 tu, watakaoiona ni watu wanaomjua na wanaoweza kumgongea mlango.

TikTok na Instagram zina kazi yake, nayo ni ya pili. Zinafaa kumfikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajaingia katika makundi, kuwafikia wanafunzi wa vyuo vingine, na kuhifadhi video ambazo mtu anaweza kuzirejea. Wekeni alama moja ya reli (#), fupi na ya Kiswahili, isibadilike mwaka mzima. Zaidi ya hapo msipoteze nguvu nyingi.

Namna ya kuandika

Katika kazi hii kuna mtego ambao watu wenye nia njema huutumbukia kila mara. Wanataka kuonyesha ukubwa wa tatizo, kwa hiyo wanaandika: “Wanafunzi wengi wa chuo chetu bado wanatumia mkaa na hawajali mazingira.” Msomaji haoni lawama hapo, anaona habari kwamba wenzake wengi wanatumia mkaa, na kwamba yeye, akiutumia, yuko na wengi. Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake waliliona hili katika hifadhi moja ya Arizona ambako wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililosema kwamba wageni wengi waliopita wameiba liliambatana na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa, na bango lililowaomba wageni wasichukue liliambatana na wizi wa chini ya asilimia 2. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008, ambao Cialdini alishiriki, ulihusu taulo za hotelini: wageni walikubali zaidi kuzitumia tena taulo zao walipoambiwa kwamba wageni wengi hufanya hivyo, na zaidi ya hapo walipoambiwa kwamba waliowahi kulala katika chumba hichohicho walifanya hivyo.

Kwa hiyo semeni ukweli kuhusu watu walio karibu, na usemeni kwa upande wa wanaofanya. Kama ni vyumba sita tu kati ya arobaini vilivyoanza, msidanganye kwamba ni wengi. Andikeni kwamba vyumba sita vya ghorofa ya pili vimeanza, na wiki iliyopita vilikuwa viwili. Ongezeko ni habari ya kweli na linavuta.

Ujumbe uwe mfupi, uwe na mtu, uwe na tarakimu moja, na uwe na jambo la kufanya lenye saa na mahali. Huu hapa ni mfano, na tarakimu zake ni za kuonyesha namna tu:

“Habari za jioni, wapendwa. Sisi wa chumba namba tisa tuliloweka maharage tangu juzi usiku, jana tukapika kwa jiko la presha la umeme. Tulizima vitu vingine vyote kwanza. Kabla ya kupika LUKU ilisoma 41.6, tulipomaliza ilisoma 41.1. Tumekula watu watano na yamebaki ya asubuhi. Kesho saa kumi na moja jioni tunapika tena. Anayetaka kuona aje na kikombe chake cha maharage, tutayaweka pamoja.”

Hakuna neno kuhusu dunia wala vizazi vijavyo katika ujumbe huo, na sioni kwamba umepungukiwa. Maelezo kuhusu hewa ukaa yatakuja pale mtu atakapouliza kwa nini mnafanya hivyo, na wakati huo atakuwa anasikiliza kwa sababu ameuliza yeye. Angalieni pia kwamba ujumbe hauamuru. Mwanafunzi mwenzio si mtoto wako. Anakaribishwa, na anakaribishwa kwenye chakula.

Anayekubali asiachwe na ahadi ya jumla ya kwamba “nitajitahidi.” Mwombeni aandike ndani ya kundi ni siku gani, saa ngapi, na ataanza na chakula gani: “Nitaloweka Jumapili usiku baada ya ibada.” Watafiti wa tabia, akiwamo Peter Gollwitzer, wameonyesha kwamba mtu aliyepanga lini na wapi atafanya jambo hulitimiza zaidi kuliko aliyenuia tu.

Video, sauti na suala la bando

Mwanafunzi hununua bando kwa hesabu. Video ndefu yenye ubora wa juu inakula MB zake, na huenda akaipita si kwa sababu haipendi bali kwa sababu anazihifadhi MB hizo kwa ajili ya kupakua notsi. Fanyeni video ya sekunde 30 hadi 45, ipunguzeni ukubwa kabla ya kuituma, na chini yake andikeni kwa sentensi mbili yote yaliyomo, ili asiyeifungua apate ujumbe hata hivyo.

Mpangilio wa video ya maharage hauhitaji kamera zaidi ya simu. Picha ya kwanza ni mikono inamimina maharage kwenye bakuli la maji, saa ya ukutani au ya simu ikionekana kuwa saa tatu usiku. Ya pili ni asubuhi, maharage yamevimba, maji ya kulowekea yanamwagwa. Ya tatu ni kioo cha mita ya LUKU, karibu kabisa, tarakimu zikisomeka. Ya nne ni mfuniko unafungwa. Ya tano ni mita tena. Ya mwisho ni harage moja linabonyezwa kati ya vidole viwili na linapondeka. Hilo harage ndilo mtazamaji anataka kuliona, kwa sababu shaka yake kubwa haihusu hewa ukaa; anataka kujua kama yataiva. Sauti ya msimulizi iwe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kila siku, bila muziki unaoifunika.

Kwa asiye na jiko la presha, ambao ndio wengi, tengenezeni video ya pili inayoonyesha kuloweka na kufunika tu, kwa jiko lolote alilonalo. Kampeni inayoanza kwa kumtaka mtu anunue kifaa itaishia kwa wenye uwezo. Baadaye chumba chenye watu wanne kinaweza kuchangishana jiko moja, na kundi la WhatsApp ndilo mahali pazuri pa kuwaunganisha wanaotafuta wenzao wa kuchangia.

Wakati wa kusema

Mwaka wa chuo una majira yake, na ujumbe uliotumwa wakati usiofaa ni sawa na haukutumwa. Siku chache kabla bumu halijaingia ndio wakati wa kuzungumzia kuchangia jiko au mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Wiki moja baada ya hapo fedha imekwisha kupangiwa mambo mengine. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya ndio wakati wa kuwafikia waliokuwa hawajazoea namna yoyote ya kupika. Wiki za mitihani kaeni kimya, isipokuwa kuwakumbusha watu kupika kwa zamu, jambo ambalo wenyewe watalifurahia.

Juni na Julai ni miezi ya kuchukuliwa kwa uzito wa pekee. Baridi ya Mbeya, Njombe na Makete huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani, wafunge madirisha na kulala. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa usingizini. Hata kama kampeni yenu inahusu maharage, miezi hiyo tumeni ujumbe huu kila wiki, kwa maandishi na kwa sauti, tena kwa wote: jiko la mkaa lisilale ndani. Tumeni pia namna za kupata joto zisizo na moto, kama vile chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa miguuni. Sioni ujumbe mwingine katika mwongozo huu wenye thamani kuliko huo.

Likizo ndefu isiachwe ipite. Kuanzia Agosti mpaka mvua zinapokaribia, ndio wakati mashamba yanachomwa na moto kichaa unaingia misituni, kuanzia Mufindi na Kilolo hadi milima ya Rungwe. Wakati huohuo wanafunzi wako nyumbani, na karibu kila ukoo sasa una kundi lake la WhatsApp. Hapo ujumbe wa sauti una nguvu kuliko maandishi, na ukiwa katika Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyiha unamfikia bibi ambaye hasomi. Mwanafunzi asiwafundishe wazee kazi ya shamba. Aanze kwa shikamoo, aulize mwaka huu mabua yamepangiwa nini, aeleze alichokiona au alichofundishwa kuhusu kuyaacha yafunike udongo, na kama ni lazima kuchoma, aombe zitengenezwe njia za kuzuia moto, majirani na uongozi wa kijiji wajulishwe, na moto usiwashwe mchana wa upepo. Ombi likitoka kwa mjukuu anayesomeshwa kwa fedha ya shamba hilohilo, lina nafasi ya kusikilizwa.

Mama lishe na bwalo la chuo

Wanafunzi wengi hawapiki kila siku; wanakula kwa mama lishe nje ya geti. Msimpige picha akiwa kwenye moshi wake na kuiweka mtandaoni kama mfano wa uharibifu. Yule mama anasomesha watoto kwa jiko hilo. Nendeni, msalimieni, kaeni mle chakula chake, kisha muulizeni gunia la mkaa linamfikisha siku ngapi na kama amewahi kujaribu jiko banifu au gesi. Akikubali kujaribu, tangazeni biashara yake bure katika makundi yenu: mahali alipo, anachopika, bei zake. Wateja wakiongezeka ndiyo shukrani atakayoielewa, na mama lishe wa pili atakuja kuuliza mwenyewe.

Bwalo la chuo ni jambo la taasisi. Serikali ilielekeza taasisi zinazoandaa chakula cha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kama jiko la chuo bado linatumia kuni, serikali ya wanafunzi iandike barua kwanza na ipewe nafasi ya kujibiwa. Mtandao utumike kuwaeleza wanafunzi hatua iliyofikiwa, si kuwaaibisha wapishi, ambao hawakuchagua jiko hilo.

Kupima

Alama za kupendwa na idadi ya watazamaji zisiandikwe katika ripoti ya klabu kama mafanikio. Andikeni vitu vitatu: matokeo ya kura ya “umepika kwa kutumia nini” kila baada ya wiki nne, usomaji wa LUKU au uzito wa mkaa katika vyumba vichache vilivyokubali kupimwa, na idadi ya watu waliokuja kuona mapishi. Mkaa upimwe kwa mizani na si kwa debe, kwa kuwa debe la muuzaji mmoja si la mwingine, na mkaa mbichi au wenye vumbi unadanganya. Kilo zilizopungua zidisheni kwa 3 mpate makadirio ya kaboni dioksidi iliyoepukwa pale jikoni, na mseme wazi kwamba hayo ni makadirio. Aliyehamia gesi atoe kilo za gesi alizotumia, nazo zikizidishwa kwa 3 vilevile, ili hesabu isimpendelee.

Mnapowarudishia watu matokeo yao, kuweni waangalifu na ulinganishi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika San Marcos, California, ambako kaya ziliambiwa zinatumia umeme kiasi gani ukilinganisha na majirani. Waliokuwa juu ya wastani walipunguza, lakini waliokuwa chini waliongeza, kana kwamba wamepewa ruhusa. Waliochorewa alama ya uso unaotabasamu kwa kutumia kidogo hawakuongeza. Kwa hiyo chumba kinachotumia kidogo kipongezwe kwa jina lake ndani ya kundi, kila mara. Chumba kinachotumia sana kiandikiwe pembeni.

Heshima, sheria na ukweli

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia wanafunzi wenye simu. Msiweke namba ya mita, namba ya chumba au sura ya mtu hadharani bila ridhaa yake, na akibadili mawazo ifuteni bila kumhoji. Hosteli nyingi zinakataza hita na majiko ya umeme vyumbani kwa sababu ya hatari ya moto, na kampeni isimshawishi mtu kuvunja kanuni hizo. Badala yake iombe chuo kitenge chumba cha kupikia chenye nyaya zinazofaa. Kila ujumbe unaohusu gesi uambatane na maelezo ya kukagua mpira na vali na kuweka mtungi mahali penye hewa.

Jiandaeni pia kwa hoja zisizo sahihi, na mzijibu kwa utulivu ndani ya kundi lilelile zilikotokea. Mtu atasema kwamba mkaa mbadala hauna hewa ukaa. Mwulizeni umetengenezwa kutokana na nini. Uliotokana na pumba, maranda au mabaki ya mazao ni jambo moja. Uliotokana na makaa ya mawe, kama yale yanayochimbwa Kiwira, unaokoa miti na hilo ni jema, lakini kaboni yake ilikuwa imezikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka na sasa inaingia angani. Mwingine atasema kwamba umeme ni ghali kuliko mkaa. Msibishane naye kwa maneno. Mwombeni apime kilo ya maharage kwa jiko lake, nanyi mpime kwa la kwenu, siku moja, mbele ya kundi, kila mmoja na bei aliyonunulia. Matokeo yawekwe yalivyo, hata yakiwa upande wake, maana bei za mkaa za Mafiati si za Mufindi, na bei ya uniti ya umeme hutegemea kundi la wateja ambamo nyumba imewekwa.

Mwaka wa masomo unapokwisha, mwendesha kundi akabidhi usimamizi kwa wawili wa mwaka wa kwanza au wa pili kabla hajaondoka, pamoja na daftari la vipimo, video zote zikiwa zimehifadhiwa mahali pamoja, na majina ya mama lishe waliokubali kujaribu, baada ya kuwaomba ruhusa. Kundi lisifungwe na jipya lisianzishwe. Wanafunzi waliohitimu wabaki humo, kwa kuwa wao ndio watakaoeleza jinsi mambo yalivyo huko walikopangiwa kazi, Chunya, Ludewa au Makete, na jiko gani linapatikana huko.